Samaki Gani Wakae Pamoja? Majina, Maarifa na Historia ya Upandikizaji wa Samaki kutoka Ziwa Albert, kwa Kurejelea Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uamuzi mmoja wa karne ya 20, yaani kumtoa sangara (Lates niloticus) katika Ziwa Albert na kumtia katika maziwa ya Kyoga na Victoria. Uamuzi huo unatazamwa kupitia swali analojiuliza kila mfugaji wa samaki wa mapambo: samaki gani wanaweza kukaa pamoja? Hoja kuu ni kwamba upatanifu wa samaki si sifa ya samaki mmoja bali ni uhusiano uliojengwa na historia ya pamoja, na kwamba majina yaliyotumiwa na watoa maamuzi yalificha uhusiano huo. Makala yanaonyesha jinsi istilahi ya “samaki taka” ilivyorahisisha uamuzi, jinsi majina ya wavuvi yalivyohifadhi ushahidi wa ugeni wa sangara, na jinsi tatizo hilohilo linavyojirudia katika mabwawa ya Arua na Koboko, ambako neno ngege hubeba samaki wa aina kadhaa. Mwisho yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera kuhusu orodha ya majina ya samaki na matumizi ya Kiswahili katika huduma za ugani.

1. Utangulizi

Miji ya Arua na Koboko, katika mkoa wa West Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, haina ziwa. Hata hivyo masoko yake yana samaki wa kila namna. Kutoka Panyimur na Pakwach, mahali Ziwa Albert linapomwaga maji yake katika Mto Nile, huja angara, muziri na ragoge waliokaushwa, pamoja na sangara waliotiwa chumvi. Baadhi ya mzigo huo huishia mezani mwa wenyeji, na mwingine huvuka mpaka kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako samaki wa chumvi huitwa makayabo, na Sudan Kusini. Koboko ipo karibu kabisa na mahali mipaka ya nchi hizo tatu inapokutana. Mnunuzi na muuzaji hukutana kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba au Kiswahili, na mara nyingi kwa mchanganyiko wa lugha hizo.

Kwa mtafiti wa lugha, meza ya muuza samaki ni kamusi iliyo wazi. Kila jina lina mahali lilipotoka na safari lililoipita. Miongoni mwa majina hayo limo la samaki ambaye historia yake imekuwa funzo kwa wanabiolojia wa dunia nzima. Sangara ni mwenyeji wa maji ya Albert na ya Mto Nile unaopita mashariki mwa Arua. Katika Ziwa Victoria, ambako ndiko alikopata umaarufu na soko la kimataifa, yeye ni mgeni aliyepelekwa na binadamu katika miongo ya 1950 na 1960.

Historia hiyo imeandikwa sana na wataalamu wa uvuvi. Makala haya yanairejea kwa upande wa lugha: watoa maamuzi waliwaitaje samaki waliohusika, wavuvi waliwaitaje, na tofauti ya majina hayo ina maana gani kwa wale wanaopanga ufugaji wa samaki leo katika eneo la Arua na Koboko.

2. Maswali manne ya mwenye tangi

Ni vema kuanza na mfano mdogo ulio wazi. Kwa miongo kadhaa wapiga mbizi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakikusanya samaki wa rangi katika miamba ya matumbawe, na samaki hao kusafirishwa hadi kwenye matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani. Mwenye tangi kubwa la maji ya chumvi hawezi kuchanganya samaki kwa kufuata uzuri wao tu. Hana budi kujiuliza maswali manne.

Swali la kwanza ni la kinywa. Chewa mchanga mwenye urefu wa kidole anaweza kukaa kwa amani na samaki wadogo, lakini chewa hukua, na siku kinywa chake kitakapowatosha wenzake, watakuwa chakula. Swali la pili ni la mahali na riziki. Kangaja wawili wa aina moja hupigana wakibanwa katika nafasi ndogo, na baadhi ya vipepeo wa baharini hula matumbawe yaleyale ambayo mwenye tangi anayatunza. Swali la tatu ni la nani atangulie. Samaki mkali akiingizwa kwanza huliona tangi lote kuwa milki yake, kwa hiyo desturi ni kuwatanguliza wapole wapate maficho yao. Swali la nne ni la marekebisho: kosa likitokea, linaweza kuondolewa? Katika tangi jibu ni ndiyo. Wavu mdogo na ndoo vinatosha.

Swali hilo la nne ndilo linalotofautisha tangi na maji ya asili. Samaki-simba, jamii ya Pterois, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana katika pwani ya Florida, na wataalamu wengi wanaamini kwamba alifika huko kwa njia ya biashara ya matangi. Baada ya mwaka 2000 alienea Bahama na Karibi, akila samaki wadogo wa miamba ambao hawakumtambua kuwa adui. Mwenye tangi aliyechoshwa naye aliweza kumtoa kwa ndoo, lakini bahari haikuweza.

Msomi wa sarufi ya Kiswahili atalielewa jambo hili haraka. Upatanisho wa kisarufi si sifa ya nomino peke yake wala ya kitenzi peke yake. Hutokea baina yao. Hakuna neno “lenye upatanisho” likiwa limesimama pweke. Vivyo hivyo hakuna samaki aliye mpole au mkali kwa kila mahali na kwa kila jirani. Swali sahihi si “samaki huyu ni mzuri?” bali ni “samaki huyu ni mzuri pamoja na nani, katika maji gani, na baada ya nani?”

3. Ziwa Albert: majirani waliozoeana

Katika Ziwa Albert sangara haishi peke yake. Anaishi na ngasia (Hydrocynus) mwenye meno makali, na angara (Alestes baremoze) anayetembea katika makundi makubwa, na kambare wa aina mbalimbali, na ngege wa ufukweni, na samaki wadogo kama muziri na ragoge. Ni jamii ya samaki wa Mto Nile ambao kwa muda mrefu sana wamekuwa wakiwindana na kukwepana. Anayewindwa hapo amejifunza kukimbia, kukaa katika kina kidogo penye majani, au kuzaa kwa wingi.

E. B. Worthington, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa maziwa ya Albert na Kyoga mwaka 1928, aligundua hata zaidi ya hayo. Mwaka 1929 alieleza aina ya pili ya sangara wa Albert, Lates macrophthalmus, mdogo kwa umbo na mwenye macho makubwa, anayekaa katika maji ya kina. Kwa hiyo hata ndugu wawili wa jamii moja waligawana ziwa: mmoja maji ya karibu na ufuko, mwingine maji ya chini.

Mfano wa Ziwa Tanganyika unathibitisha jambo hilo kwa namna nyingine. Humo wamo sangara wa aina nne, na bado kuna samaki wa jamii ya sikilidi zaidi ya aina mia mbili. Wawindaji na wawindwa wamekaa pamoja kwa muda unaohesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Ukali wa sangara, kwa hiyo, haukuwa kizuizi cha wingi wa aina mahali ambapo pande zote mbili zilikua pamoja.

Ziwa Victoria lilikuwa na historia nyingine. Maporomoko ya Murchison yaliwazuia samaki wa Albert kupanda kuelekea Kyoga, na juu yake yalikuwepo maporomoko mengine karibu na Jinja. Upande wa juu wa vizuizi hivyo zilichipuka aina zaidi ya 500 za sikilidi wadogo, ambao Wajaluo huwaita fulu, Watanzania huwaita furu, na Waganda huwaita nkejje. Wengi wao walitokea katika kipindi kifupi sana kwa hesabu ya maumbile, baada ya ziwa kukauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Wamo waliokula mwani, konokono, wadudu, magamba ya wenzao, hata watoto wa wenzao. Walikuwa na maadui wa asili, akiwemo kambare na mbofu (Bagrus docmak), lakini hawakuwahi kukutana na mwindaji wa ukubwa na kasi ya sangara katika maji ya wazi.

4. Neno “taka” na mjadala wa 1929 hadi 1963

Wazo la kumhamisha sangara halikuja ghafla. Nyavu za kutega zilizoletwa katika Ghuba ya Nyanza mwaka 1905 zilikuwa zimepunguza sana ngege wa asili (Oreochromis esculentus), samaki aliyependwa kuliko wote. Serikali za kikoloni zilimwita Michael Graham, ambaye alilichunguza ziwa kati ya 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilipendekeza nyavu zenye macho ya inchi tano au zaidi. Ilionya pia kwamba kuingiza mwindaji mkubwa kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno ikiwa utafiti wa kina haujatangulia. Onyo hilo lilikuwa, kwa maneno mengine, swali la kwanza na la tatu la mwenye tangi.

Katika miongo iliyofuata mawazo yaligawanyika. Maofisa wa uvuvi waliotaka mazao makubwa waliona kwamba ziwa limejaa samaki wadogo wenye mifupa mingi, wasio na bei katika soko la mjini. Katika Kiingereza cha maofisa samaki hao waliitwa kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni “samaki taka”. Hoja ikawa nyepesi: sangara atawala taka, na taka zitageuka kuwa mnofu. Waliongeza kwamba sangara angevutia pia wavuvi wa starehe.

Uzito wa neno hilo unastahili kupimwa. Utafiti wa Kudhongania na Cordone, uliochapishwa mwaka 1974, ulionyesha kwamba furu walikuwa angalau asilimia 80 ya uzito wa samaki wa maji ya chini katika Ziwa Victoria. Neno moja, basi, liliifuta sehemu kubwa ya ziwa. Liliwafuta pia watu waliokula samaki hao. Nkejje aliyekaushwa juani alikuwa kitoweo cha maskini, na Buganda alijulikana kuwa dawa na lishe ya mtoto mwenye surua. Kwa mama wa mtoto huyo nkejje hakuwa taka. Lakini mama huyo hakuwa na nafasi katika lugha ya ripoti.

Upinzani wa kisayansi ulikuwepo. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika makala ya kupinga mpango huo. Alieleza kwamba kila chakula kinapopanda ngazi moja, kutoka samaki mdogo kwenda kwa samaki mlaji, sehemu kubwa hupotea. Hivyo ziwa la wawindaji haliwezi kutoa uzito mwingi kuliko ziwa la wawindwa. Aliongeza kwamba hatua yenyewe haitarudishwa nyuma. Mwaka uliofuata A. M. Anderson, ofisa wa uvuvi wa Uganda, aliandika kuunga mkono upandikizaji.

Wakati mjadala huo ukichapishwa, uamuzi ulikuwa umekwisha kupita kimyakimya. Sangara walitiwa Ziwa Kyoga mwaka 1955. Mwaka 1960 sangara walivuliwa katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kabla ya ruhusa yoyote rasmi. Utafiti wa Robert Pringle, uliochapishwa mwaka 2005, ulikusanya ushahidi kwamba watumishi wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda waliwamwaga sangara Jinja tangu 1954. Baada ya samaki kuonekana, hoja ya tahadhari ilipoteza nguvu, na upandikizaji rasmi ukafanywa Entebbe na Kisumu mwaka 1962 na 1963. Katika muongo huohuo wa 1950 waliingizwa pia ngege wageni, akiwemo Oreochromis niloticus, O. leucostictus na Tilapia zillii.

Mwenendo huu una funzo la utawala. Wataalamu walikuwa bado wanajadili iwapo mlango ufunguliwe, na kumbe aliyekuwa na ufunguo alishaufungua. Baadaye uwepo wa mgeni ndani ya nyumba ukatumiwa kuwa sababu ya kumkaribisha.

5. Kilichotokea

Kwa takribani miaka ishirini mabadiliko yalikuwa ya polepole. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, na katika miaka ya 1980 upande wa Uganda na Tanzania, sangara waliongezeka kwa kasi na furu wakaporomoka. Frans Witte na wenzake walikadiria mwaka 1992 kwamba aina 200 hivi zilikuwa zimetoweka au zinakaribia kutoweka. Sangara alipowamaliza furu aligeukia kamba wadogo wa ziwani, dagaa, na hata watoto wake mwenyewe.

Haki inadai mambo mawili yasemwe. La kwanza, sangara hakuwa mkosaji pekee. Uvuvi wa kupita kiasi ulitangulia, na ongezeko la rutuba kutoka mashamba na miji lilitia maji ukungu na kupunguza hewa katika kina. Baadhi ya furu wameanza kurudi tangu miaka ya 1990. La pili, sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu, Jinja na kwingineko, na minofu kuuzwa Ulaya.

Lakini fedha hizo hazikugawanywa sawa na kitoweo kilichopotea. Furu alianikwa juani bila gharama. Sangara, kwa mafuta yake mengi, alihitaji moto, na moto ulihitaji kuni. Mama aliyekuwa akinunua fungu la samaki wadogo ufukweni sasa alishindana na lori lenye barafu. Mara nyingi alichopata ni mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani. Ndivyo gharama ya swali lisiloulizwa ilivyowaangukia wale ambao majina yao ya samaki hayakuingia katika ripoti.

6. Safari ya majina

Hapa ndipo ushahidi wa lugha unapoongeza jambo ambalo takwimu za uvuvi hazilisemi. Samaki asiyekuwepo hana jina. Sangara alipoingia Ziwa Victoria, wakazi wa mwambao walilazimika kumpatia jina, na walichokifanya kinasomeka mpaka leo.

Katika mwambao wa kaskazini alikuja na jina lake. Neno mputa, lililotumika Ziwa Albert, linaonekana katika Luganda kama empuuta, na katika Dholuo na Kiswahili cha Kenya kama mbuta. Katika mwambao wa kusini Kiswahili cha Tanzania kilitumia sangara, neno lisilotengeka na sangala, linalotumika katika Ziwa Tanganyika kwa samaki wa jamii hiyohiyo ya Lates. Majina yote mawili yametoka katika maziwa ambako samaki huyo au ndugu yake ni mwenyeji. Kwa njia hiyo lugha za mwambao zilihifadhi hati ya uhamiaji ya samaki huyu, hata pale ambapo hati za ofisi zilikosekana.

Kinyume chake ni jina ngege. Asili yake ni samaki wa Ziwa Victoria, Oreochromis esculentus. Samaki huyo alipopungua na nafasi yake kuchukuliwa na ngege wageni, jina lilibaki na mwenye jina akaondoka. Leo, katika soko la Arua kama lilivyo la Kampala, ngege ni karibu samaki yeyote wa jamii hiyo. Tanzania ilipata kutofautisha kwa kumwita mgeni sato, lakini katika sehemu kubwa ya Uganda upambanuzi huo umefifia.

Kwa hiyo majina hufanya kazi tatu tofauti. Mbuta na sangara hufichua ugeni. Ngege huufunika. Na furu, likiwa jina moja kwa aina zaidi ya 500, halimdanganyi mvuvi anayejua tofauti za rangi na mahali, lakini humdanganya mpangaji anayelisoma ofisini na kudhani ni kitu kimoja. Tatizo haliko katika lugha ya mvuvi. Liko katika kuhamisha neno bila kuhamisha maarifa yanayoambatana nalo.

7. Arua na Koboko: mabwawa ya leo

Historia hii inarudi sasa mahali ilipoanzia. Ufugaji wa samaki ulihimizwa Uganda tangu miongo ya 1940 na 1950, na kituo cha utafiti cha Kajjansi kikawa chemchemi ya vifaranga na ushauri. Tangu mwanzo kulikuwa na mabishano kuhusu samaki wa kigeni: kapi (Cyprinus carpio) aliletwa, na wengine wakahofia madhara yake akitorokea mitoni, kwa kuwa huchimbua matope na kuchafua maji. Leo, samaki wa Albert wakipatikana kwa shida zaidi na wale wakubwa wakiwa wamepungua kiasi kwamba muziri na ragoge ndio sehemu kubwa ya mavuno, bwawa la nyumbani ni tumaini la kaya nyingi za West Nile. Mkoa huu pia umepokea wakimbizi wengi wa Sudan Kusini na Kongo, katika makazi kama Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua, na Lobule huko Koboko. Mahitaji ya protini ya bei nafuu ni makubwa.

Mfugaji wa bwawa hukutana na maswali yaleyale manne. Ngege wa Nile huanza kuzaa akiwa bado mchanga, na baada ya miezi michache bwawa hujaa vidagaa visivyokua. Dawa inayojulikana ni kumweka kambare (Clarias gariepinus) ale watoto wa ziada. Lakini hapo swali la kinywa na swali la kutangulia huamua faida au hasara. Ngege hutangulizwa wakue kiasi. Kambare huingizwa baadaye, wakiwa wachache na wadogo kuliko ngege wazazi. Mpangilio ukigeuzwa, mfugaji atavuna kambare wachache walionenepa na bwawa tupu.

Swali la mahali na riziki linahusu jina. Mfugaji akiagiza “ngege” anaweza kuletewa Oreochromis niloticus, anayekua vizuri, au Tilapia zillii, mla majani asiyefikia ukubwa huo, au machotara. Mbele ya ndoo ya vifaranga vyenye urefu wa kidole, jicho lisilozoea halitatofautisha. Hasara itajulikana baada ya miezi sita, chakula na jasho vikiwa vimekwisha kutumika.

Swali la nne ndilo lenye uzito kwa sera. Bwawa huonekana kama tangi, lakini halina kuta za kioo. Mvua kubwa hulifurisha. Kambare hupumua hewa na huweza kujikokota katika nyasi mbichi kutoka dimbwi hadi dimbwi. Kijito kilicho chini ya bwawa la Arua huingia Enyau, na Enyau huingia Nile. Vijito vya Koboko hushuka Mto Kaya, mto wa mpakani, na navyo ni vya bonde la Nile. Chochote kinachowekwa katika bwawa la kijiji kinaweza kuwa jambo la nchi tatu.

Ni kweli kwamba ngege wa Nile na kambare ni wenyeji wa bonde hili, na kwa hiyo hatari si ile ya sangara kule Victoria. Lakini vifaranga vinavyoletwa kutoka bonde la Victoria vina ukoo uliochanganyika kutokana na upandikizaji wa miaka ya 1950. Samaki wa Albert aliyepelekwa Victoria akachanganyika huko anaweza kurudi nyumbani akiwa na jina lilelile na damu nyingine. Jina halitamwonya mtu yeyote.

Hapa Kiswahili kina kazi ambayo si ya sherehe. Lugha hii ilifika West Nile pamoja na majeshi na polisi wa kikoloni, na kwa wengi ikabeba kumbukumbu za amri. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na marekebisho ya katiba ya 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hata hivyo, kwa mwelekezaji anayekutana katika bwawa moja na Mkakwa wa Koboko, mkimbizi kutoka Kongo na mfanyabiashara Mnubi, Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache wanazoweza kushiriki wote. Mwongozo ulioandikwa kwa Kiingereza pekee humfikia mwenye mradi, si mwenye koleo.

8. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejadili kwamba kosa la Ziwa Victoria halikuwa kumdharau sangara wala kumpenda kupita kiasi. Lilikuwa kumtazama peke yake. Samaki aliyekaa na majirani zake Albert kwa karne nyingi alidhaniwa kuwa angefanya vivyo hivyo mahali ambapo hakuna aliyemjua, na waliokuwa wakimsubiri huko walikuwa wameshaitwa taka.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, iandaliwe orodha ya majina ya samaki wa West Nile kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kinubi, Kilingala na Kiswahili, kila jina likilinganishwa na jina la kisayansi na kuthibitishwa na wavuvi wa Panyimur na Pakwach pamoja na wanabiolojia. Pale ambapo jina moja linabeba aina nyingi, orodha iseme hivyo waziwazi. Pili, kabla ya vifaranga kuhamishwa kutoka bonde moja kwenda jingine, mhamishaji ajibu kwa maandishi maswali manne yaliyotajwa hapo juu, na jibu la swali la nne litoke kwa mtu asiyefaidika na mauzo. Tatu, kila mzigo wa vifaranga uambatane na maelezo ya ukoo wake kwa lugha ambayo mfugaji anaisoma au anaisikia. Nne, ushauri huo ushirikishe Kongo na Sudan Kusini, kwa sababu maji ya Enyau na Kaya hayasimami mpakani. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, katika ibara ya 8, umekwisha kuzitaka nchi wanachama kuzuia viumbe wageni wanaohatarisha mifumo ya asili. Kinachokosekana ni kuuteremsha mpaka kwenye ukingo wa bwawa.

Kwa wanaisimu, kazi ya orodha hiyo haiwezi kusubiri mradi mkubwa. Wavuvi wazee wa Mto Nile wanaojua angara wa msimu wa mvua na ngasia wa maji makali ndio kumbukumbu iliyopo, na samaki wanaozungumziwa wanapungua sokoni. Jina likishahamia kwa samaki mwingine, kama lilivyohamia ngege, kuliuliza lilimaanisha nini zamani huwa kazi ngumu zaidi.